Damu Niliyoisoma Mapema

Wenzangu wa labo, mliniomba niandike. Nadhani mlichoka kunisikiliza, mkaona karatasi ina subira kuwazidi. Mambo ya kupanda cheo nayamaliza hapa hapa: nilianza kwenye benchi ya mbao, nikamaliza kwenye benchi nyingine ya mbao, na katikati walinibadilishia kiti. Mshahara mnaujua, ni ule ule mnaoulilia. Kinachobaki ni damu. Nitasema hasa damu pungufu, ile tunayoiandika anemi kwenye bon ya matokeo, na zaidi ile inayotoka kwa wazazi, ambayo hakuna kidonge cha kuifuta.

Mimi ni mtoto wa duka. Baba yangu aliuza chumvi, vitenge na misumari Butembo, na nilijua kupatana bei kabla sijamaliza kujifunza Salamu Maria. Kwake mzigo ulihesabiwa ukishuka kwenye lori, ukahesabiwa tena ukiingia mlangoni, hata kama mbebaji ni ndugu yake. Hasa kama ni ndugu yake. Nilipomaliza shule ya labo niliwaza nimeuacha ulimwengu huo. Siku ya kwanza kwenye kituo cha afya cha Kashebere ilinionyesha kwamba nimeuhamisha tu.

Kituo chetu kilikuwa na chumba kimoja cha labo, dirisha moja linalotazama barabara, na darubini ya zamani isiyo na taa: chini yake kulikuwa na kioo cha duara cha kujitazamia, unakigeuza mpaka kikamate mwanga wa jua na kuupeleka juu. Mawingu yakija, kazi inasimama. Mwenye labo alikuwa Papa Kitsa, mzee wa Masisi, mwembamba, koti lake jeupe limeshonwa mfuko mara nyingi mpaka uzi ulizidi kitambaa. Hakuniuliza diploma. Alinipa kile kipande cha kioo chembamba tunachokiita lame, chenye damu iliyopakwa rangi, akasema, "Hesabu nyeupe."

Nikahesabu chembe nyeupe, nikamwambia.

"Tena."

Nikahesabu tena. Ikatoka namba nyingine.

"Sasa mugonjwa iko na ya kwanza ao ya pili?"

"Labda ya katikati, Papa."

"Katikati iko kule soko. Hapa utahesabu mpaka mbili zipatane."

Nilihesabu mpaka shingo ikakakamaa. Zilipopatana, aliitazama lame ile kwa dakika moja, akasema nimepitwa na tatu. Tulikaa pamoja miaka mingi, na sidhani kama aliwahi kunisifu. Mara moja aliniazima kalamu yake.

Jambo kubwa alilonifundisha ni kipimo cha kulaza damu. Mashine ya kutenganisha hemoglobini hatukuwa nayo, wala ule unga unaoharakisha mambo. Tulikuwa na tone la damu, lame, kifuniko chake, na verni, ile rangi ya kupaka kucha. Unaweka tone, unafunika, unapaka verni kuzunguka kingo zote, hewa isipite. Mle ndani damu inaishiwa hewa polepole. Chembe nyekundu ya kawaida inabaki duara, kama sahani. Ile yenye hemoglobini ya urithi mbaya, hewa ikiisha, vitu vyake vya ndani vinashikana kama nyuzi, nayo inajipinda na kuchongoka kama ndizi ndogo. Mwenye kupata urithi huo kwa baba na kwa mama, ndiye mgonjwa, chembe zake zinajipinda upesi, hujamaliza chai. Mwenye kuupata kwa mzazi mmoja tu ni mzima, analima, anabeba gunia, na chembe zake zinajipinda kwa uvivu: saa kadhaa, ao hata kesho yake. Kwa hiyo Papa Kitsa hakuruhusu lame hiyo isomwe siku ile ile na kufungwa. "Lame inalala," alisema. "Usipoilaza, itakuonyesha uso ya upole."

Verni niliinunua sokoni Kashebere, na muuzaji wake alinichunguza kama polisi.

"Mama Labo, kila soko unabeba verni, na kucha zako ziko za mulimaji."

"Napakia wagonjwa."

"Wagonjwa gani hao wa kupaka kucha?"

"Wengi sana. Njo maana unipunguzie."

Nyekundu ndiyo ilikuwa inakauka vizuri. Miaka ile labo yetu ilinukia kama mabibi arusi.

Ninyi mnaoanza, mkiona hemoglobini iko chini msikimbilie kuandika vidonge vya chuma. Damu pungufu ina milango mingi. Kuna minyoo inayonyonya, kuna malaria inayopasua chembe, kuna mama aliyezaa akikimbia na akakimbia akinyonyesha. Kuna mtoto ambaye chuma anacho mwilini lakini hakitoki stoo: mwili ukipigana na ugonjwa siku nyingi, ini linatuma amri chuma kifungiwe, vijidudu visikile, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu unabaki mikono mitupu. Daktari mmoja aliyetupitia kwa mafunzo alilichora hilo ubaoni kwa mishale mingi, wenzangu wakasinzia. Mimi nililielewa mara moja, kwa sababu baba yangu alifanya hivyo hivyo aliposikia risasi: mlango chini, bidhaa ndani, soko linalia. Kumpa mtoto wa namna hiyo vidonge vya chuma ni kugonga duka lililofungwa. Nyamazisha risasi kwanza.

Na kuna wale ambao chembe zao zimekosa kinga moja ya ndani. Wanakunywa dawa fulani ya malaria, kesho yake mkojo ni kahawa. Nilipata mkulima mmoja hivyo. Nikamuuliza kama kwao kuna mwingine.

"Mujomba," akasema. "Na ule mujomba mwingine."

"Kwa baba hakuna?"

"Kwa baba hakuna. Nani alikuambia?"

Hakuna aliyeniambia. Urithi ule unapita kwa mama na kuwapiga zaidi wana wa kiume. Aliniona kama mpiga ramli, akarudi na mkungu wa ndizi. Mkungu sikuukataa.

Kisha vita. Nasema vita kana kwamba ilikuwa moja. Kashebere iko karibu na mpaka wa Masisi, na bunduki ikikohoa upande wa Kalembe, sisi tunasimama tayari kukimbia. Nilifanya kazi nimefunga viatu. Kasha la darubini lilikaa wazi chini ya benchi, kamba pembeni. Watu walihama wakarudi, wakahama tena. Mgonjwa unamtoa damu Jumatatu, Jumatano matokeo yake hayana mwenyewe. Nilisoma lame kwa jicho moja na barabara kwa jingine, na niwaambie ukweli, la barabara ndilo lilikuwa linafanya kazi vizuri. Papa Kitsa miguu ilimgomea, akarudi kwao Masisi. Nikabaki peke yangu na sheria zake.

Katika siku hizo walikuja watu wa Kalembe: Furaha, mke kijana, mulimaji; mume wake Bahati, mtu mpole wa maneno machache; na mama ya huyo mume, Mama Bahati, ambaye alikuwa na maneno ya wote watatu. Walimbeba Riziki, binti wa Furaha, miaka minne, macho ya manjano, tumbo limejaa upande wa wengu. Furaha alisema tangu mdogo vidole vya mtoto vilikuwa vinavimba, analia siku tatu, vinapoa. Hemoglobini ilikuwa tano. Niliipima mara mbili, ikabaki tano.

Lame ya Riziki ilijipinda upesi. Ya Furaha niliilaza, asubuhi yake nikakuta ndizi chache zimetawanyika kati ya sahani. Basi nikafanya kile nilichokuwa najivunia sana. Nilichukua maharagwe jikoni, meupe na mekundu, nikayaweka mezani mbele yao.

"Kila mutu anabeba mawili," nikasema. "Kila muzazi anatoa moja. Mama huyu ana jeupe na jekundu, haumwi. Mtoto amepata mawili mekundu, ndiyo anaumwa."

Mama Bahati alivuta kiti. "Ile moja yekundu ilitoka kwa Furaha."

"Ndiyo."

"Na ya pili?"

"Kwa baba."

"Na kama baba hana?"

"Basi mtoto hawezi kuwa na mawili."

Nilijibu haraka, kama mwanafunzi anayejua swali kabla halijaisha. Mama Bahati aliyatazama maharagwe, akamtazama Furaha, akasema, "Pima mutoto yangu."

Nilimtoboa Bahati kidole saa tatu asubuhi. Tone, kifuniko, verni. Niliwaambia warudi kesho. Kabla ya saa nne tulisikia bunduki, si mbali sana, kisha karibu zaidi. Barabara ikajaa magodoro. Bahati alisimama mlangoni, mama yake nyuma yake tayari ana mzigo kichwani.

"Mama Labo, utupatie karatasi. Tunatoka, na hatujui kama tutarudia hapa."

"Lame haijalala."

"Unaona yenyewe ikoje saa hii?" akauliza Mama Bahati. "Tuambie ile unaona."

Niliinama, nikatazama. Sahani, sahani, sahani. Ningeweza kuandika "isomwe tena". Ningeweza kukataa. Nilikuwa nimemkatalia daktari mara nyingi kwa makosa madogo kuliko hayo. Lakini kamba ya kasha ilikuwa mkononi mwangu na jicho la barabara lilikuwa linaniita. Nilitazama mara moja tu, sehemu moja ya lame, nikaandika "Négatif", yaani hana, nikapiga muhuri. Lame niliiacha juu ya benchi. Darubini na rejista nilizibeba.

Nilienda kusimama Ntoto, kutwa nzima ya kutembea na nusu ya kesho yake. Huko nilipewa chumba cha matope kando ya zahanati, na nikaendelea, kwa sababu malaria haijui kama umehama. Miezi ikapita. Siku moja, jua likiwa juu, Furaha aliingia na Riziki mgongoni, miguu imechanika. Alikuwa peke yake.

"Bahati iko wapi?" nikamuuliza.

"Iko kwao."

"Na wewe?"

"Mimi siko na kwetu tena. Karatasi yako ilisema mutoto si ya Bahati."

Aliongea bila kulia, akimpanga mtoto kwenye kitanda. Bunduki zilipotulia, walipofika kwao Kalembe, Mama Bahati alikusanya ndugu na majirani, akaweka karatasi na maharagwe mezani, akaeleza hesabu yangu neno kwa neno. Alieleza vizuri, ninamjua. Kisha akauliza: hili jekundu la pili, Furaha alilitoa wapi? Watu wakakumbuka msimu mmoja Furaha alichelewa kurudi kutoka shambani. Wakakumbuka na mambo ambayo hayakuwepo. Wakamtoa, pamoja na mtoto, na shamba la Bahati likabaki la Bahati. Kwa Mungu Furaha aliapa, kwa kaburi la baba yake aliapa. "Kwa karatasi njo sikuweza," akasema. "Karatasi haisikilizi."

Nilitoa rejista kutoka kwenye kasha. Nimekuwa naandika saa daima, ni tabia ya dukani. Mstari wa Bahati ulikuwa pale kwa mkono wangu mwenyewe: kutoa damu, saa tatu, kusoma, saa nne kasoro. Sikuhitaji kuhesabu mara mbili. Nilimweleza Furaha kila kitu: kwamba damu ya mbebaji, mwenye jekundu moja tu, inajipinda kwa uvivu, kwamba lame ile haikulala, kwamba niliandika neno nisilokuwa na haki nalo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe si Mama Bahati," akasema. "Wewe njo ulinifukuza."

Nilifunga rejista, nikatoboa kidole cha mtoto.

Riziki alikuwa na hemoglobini nne na alikuwa anapumua kama aliyepanda mlima. Mimi ni kundi O, na damu yangu niliilaza tangu zamani, ni sahani tupu; nilijitoa mfuko mmoja, mtoto akapata rangi. Lakini damu hiyo itakwisha, ugonjwa huo hauachi, na mimi singeweza kutoa tena mpaka miezi ipite. Furaha ni kundi A, mtoto O, hakufaa. Nilizunguka Ntoto nikiomba mkono mmoja. Mimi niliyewahi kumshusha bei muuza mbuzi mpaka akasahau mbuzi ni wake, sikupata hata mmoja. "Mama Labo," mwanamume mmoja aliniambia kwa upole kabisa, "nitoe damu yangu kwa mutoto mwenye hata baba yake hajulikane?" Habari ya Kalembe ilikuwa imefika kabla ya miguu ya Furaha.

Nikafunga darubini kwenye kasha nikaenda Kalembe.

Njiani kulikuwa na kizuizi, kamba imevuka barabara na vijana watatu wenye bunduki. Mkubwa wao alifungua kasha akapenda kila kitu.

"Hii yote inabaki."

"Hiyo inaonyesha wadudu wa malaria. Wewe unaumwa lini?"

"Kila mwezi."

"Basi nikirudi hapa nayo nitakupima. Ukiibakiza, utapimwa na nani? Na huyu?" Nikaonyesha mwenzake, wote wakacheka isipokuwa huyo mwenzake.

Alitaka lenzi, nikamwonyesha kwamba ukitazama kwa lenzi peke yake huoni hata kidole chako. Alitaka kasha, nikamwonyesha lina mchwa. Mwisho alishuka mpaka kwenye kile kioo cha chini, akajitazama ndevu, akasema hiki hakuna maneno. Nikamwachia. Ilikuwa bei nzuri, ila nilikuwa nimeuza jua langu.

Mama Bahati alinikuta uani kwake. Hakunipa kiti.

"Wewe wa karatasi," akasema. "Umeleta ingine?"

"Nimekuja kusema ile ya kwanza ilikuwa bongo, uongo mtupu. Niliisoma mapema. Nataka kidole cha Bahati tena, na safari hii ilale."

"Furaha amekutuma."

"Furaha hata salamu hanipi."

Hilo lilimfikirisha. Bahati alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, amekonda. Mama yake alinizunguka mara moja, kama mtu anayetazama ng'ombe wa kununua.

"Sawa. Lakini mimi siamini mukono yako. Utaweka damu ya Bahati kwa kioo moja, na yako kwa kioo ingine. Mimi njo nitatia alama, sitakuambia. Zitalala kwangu. Kesho utaniambia iko ya nani. Ukikosa, unaondoka, na hutataja tena jina ya huyu mwanamuke hapa."

Nimefanya kazi na madaktari ambao hawakuwa na akili hiyo. Niliuliza kama zinaweza kulala mahali pasipo moshi. Akakataa, nikapunguza, nikaomba zifunikwe tu. Tukapatana kwenye sufuria safi yenye kifuniko, chini ya kitanda chake. Niliwatoboa wote wawili, Bahati na mimi, nikapaka verni. Alizibeba ndani mwenyewe na kuzifunga nyuzi, mmoja mweusi, mmoja wa kijani. Sikuona ipi ni ipi.

Kesho yake tulingoja jua lipande. Hapo nikakumbuka kwamba sina kioo cha chini. Nilimwomba Mama Bahati kioo chake cha kujitazamia, kidogo, chenye ufa. Alinipa, nikakisimamisha kwa udongo chini ya darubini mpaka mwanga ukapanda.

Lame ya uzi wa kijani: sahani. Nilipita sehemu moja, nyingine, mpaka kumi, nikarudi nikapita tena. Sahani. Niliiweka pembeni. Lame ya uzi mweusi. Sehemu ya kwanza, sahani. Ya pili, sahani. Labda mimi ndiye mwongo mara mbili, labda kijiji kina haki. Ya tatu, karibu na ukingo, chembe moja imelala kimshazari, imechongoka pande zote mbili. Kisha ingine. Kisha nyingi, kama mkungu umeanguka ukatawanyika. Nilihesabu. Nikahesabu tena.

"Hii ya uzi mweusi ni ya Bahati."

Mama Bahati alinisukuma kidogo kwa bega, akainama, jicho moja limefumba vibaya. Alikaa pale muda mrefu.

"Iko kama ndizi ndogo," akasema.

"Ndiyo."

"Na hii damu iko ya mutoto yangu kweli. Mimi mwenyewe njo nilifunga uzi." Alijiambia mwenyewe. Kisha akainuka. "Yeye aliitoa wapi?"

"Kwako ao kwa baba yake. Mmoja wenu alikuwa nayo. Labda wote."

Alitazama mikono yake. "Kabla ya Bahati nilizaaka wawili," akasema. "Vidole vilikuwa vinavimba vile vile. Tukasema ni jirani aliwaloga wakakufa. Ule jirani alihama." Sikuuliza jirani alihamia wapi.

Kabla sijaondoka aliita watu wale wale aliowaita mara ya kwanza. "Ulisema na karatasi," akaniambia, "sasa sema na kinywa." Nikasimama mbele ya majirani wa Kalembe, mtoto wa duka la Butembo, nikasema kwamba mimi niliisoma damu mapema nikaandika uongo, na kwamba Riziki ni wa Bahati. Mzee mmoja aliuliza kama karatasi zangu zingine nazo ni hivyo. Ni swali zuri. Nilimjibu kwamba nimefungua rejista yote na kutafuta kila lame ya namna ile niliyoisoma siku hiyo hiyo, nikapata nyingine mbili, na kwamba wenyewe nitawatafuta. Mmoja nilimpata. Mwingine bado sijui alihamia upande gani, na hilo huwa linanifanya nigeuke kitandani.

Bahati alifika Ntoto baada ya siku chache pamoja na wadogo zake wawili. Riziki alikuwa ameanza tena kupauka. Furaha alimwona mumewe mlangoni, akaendelea kumfuta mtoto uso kwa kitambaa.

"Nimekuja kutoa damu," Bahati akaniambia, mkono ameshakunja.

"Wewe siyo."

"Mimi si njo baba?"

"Wewe ni baba, ndiyo maana. Damu yako ina lile jekundu. Mtoto mwenye mawili nisimwongezee la tatu kama naweza kupata safi."

Alibaki na mkono uliokunjwa, hajui aupeleke wapi. Niliwapima wadogo zake kundi na kila kitu kingine nilichoweza, na damu zao nikazilaza. Kesho yake nilizisoma asubuhi, na tena saa sita. Wa kwanza alikuwa mbebaji kama kaka yake. Yule mdogo kabisa alikuwa sahani tupu, kundi O. Alilala kwenye benchi, akageuza uso ukutani asione sindano, mfuko ukajaa.

Tulimwekea Riziki. Bahati aliuchukua mfuko mkononi mwangu, akauinua juu, akasimama kando ya kitanda. Matone yakaanza kushuka.

"Furaha," akasema. "Twende nyumbani."

"Ngoja damu iingie," Furaha akasema. "Kisha utaniambia mbele ya mama yako, na nitaona."

Alikaa chini, mgongo ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu afike Ntoto nilimwona analala mchana. Midomo ya mtoto ilikuwa inarudisha rangi polepole. Bahati alibadilisha mkono. Baada ya muda akabadilisha tena. Ulikuwa unatetemeka mpaka bega. Nilimnong'oneza kwamba kuna msumari ukutani, hapo juu ya kichwa chake, tunatundikia mfuko hapo.

"Nimeuona," akasema, akauinua juu zaidi kidogo.